Upande wa Pili wa Kaseti: Fundi Konde, Santuri za Pwani na Sauti Zetu



Kamati ya jubilii iliponipa kazi ya kuandika historia kwa ajili ya kijitabu hiki, nilidhani ni kazi ya madaftari. Kwaya ina miaka 50. Ina kumbukumbu za mikutano, orodha za michango, picha za mashindano, na makabrasha ya solfa yaliyoandikwa kwa mkono hadi karatasi zimegeuka rangi ya chai. Hayo mtayasoma katika kurasa nyingine. Ukurasa huu ni wa jambo ambalo halimo katika daftari lolote, na inanipasa mimi kulieleza kwa sababu kosa ni langu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mama yangu, aliyeimba alto katika kwaya hii kwa miaka 31, alinipa kaseti moja kutoka kwenye kasha lake. Wengi wenu mliisikia habari yake. Mwalimu wetu wa kwanza aliirekodi mwaka wa 1986, Jumamosi moja alasiri, humu humu kanisani, kwa redio ya kaseti iliyowekwa juu ya kiti baina ya alto na tena. Ndani ya kifuniko aliandika kwa mkono wake nyimbo kumi, tano upande wa kwanza na tano upande wa pili. Kisha akavunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Vijana wa leo huenda hawajui maana yake: kaseti iliyovunjwa vijino haikubali kurekodiwa tena. Mwalimu alikuwa ameifunga mlango.

Upande wa kwanza ungali mzima. Sauti imefifia, lakini ipo. Besi wanaingia mapema katika wimbo wa pili, na Mwalimu anasikika akigonga kiti mara moja tu. Baada ya wimbo wa tatu kuna kimya kirefu. Mwanzoni nilidhani utepe umekatika, kumbe ni adhana ya alasiri kutoka msikitini upande wa Mji wa Kale. Kwaya nzima imenyamaza kuingojea iishe. Ilipokwisha, Mwalimu akatoa noti na wimbo wa nne ukaanza. Hakuna aliyesema neno.

Nikageuza kaseti. Upande wa pili hauna kwaya. Una redio, mtangazaji wa zilizopendwa, na gitaa tulivu la mtu anayeimba juu ya tausi. Juu ya vile vijino vilivyovunjwa kuna kipande cha selotepu kilichozeeka, na nilikitambua papo hapo. Nilikibandika mimi, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, nilipogundua kwamba ukiziba tundu hilo mashine hudanganyika na kukubali. Nilitaka kunasa nyimbo za redio. Kaseti nyingine nyumbani hakukuwa.

Aliyekuwa akiimba ni Fundi Konde. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimfuatilia, mwanzo kwa hasira ya kujilaumu, na baadaye kwa mshangao, kwa kuwa habari za santuri zake zinafanana sana na za kaseti yetu.

Mwana wa Pwani na gitaa lake

Fundi Konde alizaliwa mwaka wa 1924 katika kijiji cha Mwabayanyundo, huku huku kwetu Pwani. Alikulia katika nchi iliyokwisha kuzoea kuchanganya sauti. Tangu mwisho wa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wakicheza beni, ngoma iliyoiga bendi za tarumbeta za wanajeshi. Shule za misheni zilikuwa zikifundisha solfa na tenzi za sauti nne. Bandarini mabaharia walishuka na magitaa yao, na katika nyumba za Mji wa Kale ulisikika udi.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, vilivyowafikisha askari wa KAR hadi Burma, Fundi Konde aliingia katika kikosi cha wanamuziki waliowatumbuiza askari. Vita vikaisha, wanamuziki wale wakarudi na ujuzi wa jukwaa, na yeye akaingia studio. Anatajwa miongoni mwa wapiga gitaa wa kwanza wa Kenya kutumia gitaa la umeme. Nyimbo zake, kama vile "Tausi", "Mama Sowera" na "Majengo Siendi Tena", zilizunguka Afrika Mashariki kwenye sahani nyeusi zilizokwenda mizunguko 78 kwa dakika moja.

Wanakwaya, hebu tafakarini sahani hizo. Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulichukua kama dakika tatu, basi. Sisi tukiambiwa na kamati ya mashindano tupunguze ubeti mmoja twalalamika wiki nzima. Mwimbaji wa wakati ule alitakiwa aingie, aseme lake lote, amalize, kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Na sahani yenyewe ilitengenezwa kwa lakiri ya wadudu iliyochanganywa na unga wa mawe. Ikianguka sakafuni inavunjika kama sahani ya udongo. Hata isipoanguka, kila sindano ya chuma inapopita huila mifuo kidogo, kwa hiyo wimbo uliopendwa zaidi ndio uliochakaa upesi zaidi. Watu waliziua nyimbo hizo kwa kuzipenda.

Kisha zikaja santuri ndogo za plastiki za mizunguko 45, na gramafoni za kuzungusha kwa mkono zikahamia stoo. Nani atahifadhi sahani asiyoweza kuipiga? Nyingine zilitupwa, nyingine zilikaa chini ya vitanda mpaka joto likazipinda. Fundi Konde mwenyewe alikuwa bado hai, lakini kazi yake ya ujana ilikuwa imebaki zaidi katika midomo ya watu kuliko katika sahani. Bendi nyingine ziliurudia "Tausi" kwa mitindo yao, na walioucheza katika hoteli za Pwani huenda hawakujua umetoka wapi.

Mwaka wa 1994 kampuni ya RetroAfric ya London ilitoa mkusanyiko wa nyimbo zake za kati ya 1947 na 1956 katika sidii moja. Hesabuni wenyewe: mtu aliyezaliwa 1924 alikuwa ametimiza miaka 70. Sauti yake ya ujana ilimrudia akiwa mzee, naye akaisikia. Alifariki mwaka wa 2000. Kama kazi ile ingechelewa miaka saba tu, ingekuwa kumbukumbu ya marehemu.

Waliongoja zaidi

Si kila mwimbaji wa Pwani aliyepata bahati hiyo. Siti binti Saad wa Unguja, binti wa kijijini Fumba ambaye ustadi wake ulimtoa katika kuuza vyungu hadi kwenye majumba ya wakubwa, alivuka bahari mwaka wa 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri za HMV kwa Kiswahili. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na santuri zake zilisikilizwa Unguja, Mombasa, na kote kulikofika gramafoni na Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, ndiyo maana sisi tuliosomea ualimu tulimjua katika kitabu kabla ya kumsikia. Siti alifariki mwaka wa 1950. Ilikuwa 2007 ndipo santuri za Waswahili za miaka ya 1920 hadi 1950 zilipokusanywa kutoka hazina ya Maktaba ya Uingereza na kutolewa upya na kampuni ya Topic. Kwa nyimbo za zama za Siti, hiyo ni karibu miaka 80.

Hapa kisiwani kwetu pia tulikuwa na hazina. Miaka ya 1950 Sauti ya Mvita ilipeleka nyimbo za wenyeji hewani. Baadaye duka la Assanand na Wanawe lilitoa santuri chini ya jina la Mzuri, nazo zikabeba taarabu ya Mombasa: Zein l'Abdin mzaliwa wa Lamu na udi wake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, Matano Juma, Zuhura Swaleh na wengineo. Kaseti zilipoingia, wapenzi wa taarabu walijua pa kwenda: Mbwana Radio Service pale Pigott Place, Mji wa Kale. Ulichagua kanda, ukatolewa nakala yako. Mwaka wa 2005 kampuni ya Buda ya Ufaransa ilizikusanya nyimbo za Mombasa za 1965 hadi 1975 katika mfululizo wake uitwao Zanzibara. Juma Bhalo alituaga mwaka wa 2014, na Zein mwaka wa 2016. Hao nao walibahatika kuona kazi yao ikikumbukwa wangali hai.

Najua yuko atakayeuliza: nyimbo za dansi na za taarabu zinahusu nini jubilii ya kwaya ya kanisa? Mzee mmoja wa kamati aliniuliza hivyo hivyo, na swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba utepe haujui dini. Unyevu wa bahari unaotuharibia Biblia na vitabu vya nyimbo ndio unaootesha ukungu juu ya kaseti za taarabu. Na tazameni miji iliyotajwa: London mara mbili, na Ufaransa. Sauti za Pwani zimeokolewa, tunashukuru, lakini kwa sehemu kubwa zimeokolewa ng'ambo, na watu waliolazimika kujifunza Kiswahili kwanza. Kwaya ya kanisa haitatafutwa na kampuni ya London. Ikiwa hatutajihifadhi wenyewe, hakuna atakayekuja.

Jina lisiloandikwa

Kuna somo jingine. Karibu kila mtu duniani anaufahamu "Malaika". Fadhili William, Mtaita, aliurekodi na bendi yake miaka ya mwanzo ya 1960. Miriam Makeba akaupeleka mbali, na wengine wengi wakaufuata. Lakini ukiuliza nani aliyeutunga, utaingia katika mabishano yasiyokwisha, kwani Adam Salim wa Tanzania naye alidai kuwa ni wake tangu miaka ya 1940. Wimbo ulijulikana kila mahali, ila karatasi ya mwanzo yenye jina na tarehe haikuwako.

Nilipolisoma jambo hilo nilirudi katika makabrasha yetu. Tuna nyimbo 64 za solfa. Katika hizo, 23 hazina jina la mtunzi. Hapa na pale pameandikwa "wa kwetu", basi. Wa kwetu nani? Aliyeandika alijua, na aliowaandikia walijua. Sisi hatujui.

Upande wa pili

Sasa narudi kwenye kosa langu.

Mashine ya kaseti, kabla ya kurekodi sauti mpya, hupitisha utepe mbele ya kichwa kinachofuta. Haipaki rangi juu ya rangi hata useme ukikwangua utakuta ya chini. Inafuta kwanza. Nilimpelekea kijana fundi mmoja wa studio, akasikiliza kwa vifaa vyake, akaniambia kwa upole: "Mwalimu, hapa chini hamna kitu." Nyimbo tano zimekwenda.

Katika hizo tano, tatu tunazo kwa solfa. Moja ni tenzi inayojulikana. Ya tano ni wimbo wa Pasaka ambao Mwalimu aliutunga mwenyewe, na karatasi yake haionekani popote. Karatasi hutwambia noti, haitwambii pumzi, lakini kwa wimbo huu hata karatasi hatuna.

Nilimwendea mama nikamwambia. Alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua kichwa. Alisema, "Nilijua zamani, mwanangu. Niliisikia siku ile ile. Ulikuwa umefurahi sana na redio yako." Nikamuuliza mbona hakuniadhibu. Akasema kaseti ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyeiacha juu ya meza. Kisha, akiendelea na mchele, akaanza kuimba alto ya wimbo ule. Aliimba ubeti wa kwanza wote na nusu ya wa pili.

Ndipo tulipoanza. Kwa majuma manane, kila Alhamisi baada ya mazoezi, tumekaa na waanzilishi watano walio hai na karibu nasi. Mama ana alto. Baba mmoja anayetoka Likoni, aliyevuka feri usiku mara nane kwa ajili ya wimbo mmoja, ana besi. Soprano tuliipata kwa simu, kutoka kwa dada aliyehamia Voi na kuolewa huko. Tena ilitusumbua, kwa kuwa mwenye kuijua vizuri alikwisha kutangulia mbele ya haki. Tuliijenga kwa kukisia katikati ya sauti tatu zilizopo, na pale tulipokisia nimeandika katika karatasi kwamba tumekisia. Katika ubeti wa tatu, wazee wawili wana besi mbili tofauti, na kila mmoja yuko tayari kuapa. Tumeziandika zote mbili.

Wimbo huo mtausikia leo. Ni wa nne katika ratiba, na jina la mtunzi limeandikwa. Hauwezi kuwa sawasawa na ule wa 1986. Lakini ni bora ulivyo kuliko ulivyokuwa mwezi wa pili, ambapo ulikuwa katika vichwa vya watu watano wanaozeeka, kila mmoja akidhani wengine wanao wote.

Ombi la katibu

Kamati imekubali, baada ya mjadala usiokuwa mfupi, kwamba fedha za keki ya ngazi tatu zipunguzwe hadi ngazi moja, na zilizobaki ziende katika kazi hii. Wanaopenda keki mnisamehe. Ninaomba mambo manne.

Kwanza, mwenye kaseti yoyote ya kwaya, hata ya mazoezi, hata ya harusi tuliyoimba, ailete. Meza ipo mlangoni upande wa kulia. Tafadhali usiipige kwanza ili kuona kama ingali nzima. Utepe wenye ukungu ukipita katika mashine hukwaruzwa, na mashine huchafua kaseti inayofuata. Ilete ilivyo, na uandike jina lako na unachokikumbuka.

Pili, kila kitakachohamishwa katika kompyuta kitawekwa nakala tatu: moja ofisini, moja kwa mwenyekiti, na moja nje ya kisiwa. Simu ya mtu mmoja si ghala. Simu huibwa kwenye matatu.

Tatu, wenye kujua watunzi wa zile nyimbo 23, njooni. Orodha imebandikwa kwenye ubao wa matangazo na kalamu imefungwa hapo kwa uzi.

Nne, na hili ndilo kubwa, wazazi wetu waanzilishi tuwarekodi sasa, wakiimba na wakisimulia. Fundi Konde alisubiri miaka 38 tangu wimbo wa mwisho katika mkusanyiko ule. Siti hakuusikia mkusanyiko wake. Mwalimu wetu, aliyevunja vijino vya kaseti kwa mkono wake ili tusipoteze kitu, alifariki kabla sijawa mtu mzima wa kumwomba msamaha.

Upande wa pili wa kaseti sijaufuta. Fundi aliniuliza kama anakili wa kwanza tu, nikamwambia anakili zote mbili. Nusu ni kwaya, nusu ni Fundi Konde na mtangazaji, na mahali pamoja, mwisho kabisa, inasikika sauti ya mama kutoka jikoni akiniita nikale. Hiyo nayo ni ya kwetu, na safari hii imeandikwa jina.

Karibuni katika sherehe. Mungu awabariki nyote.

Wenu katika huduma ya uimbaji,
Katibu wa Kwaya